Mzigo wa mwisho ndani ya gobore la baba, Mwese miaka ya tisini

Wakuu, habari za mchana.

Nimeusoma ule uzi wa bunduki za kuwindia mpaka ukurasa wa mwisho. Mmeniburudisha, sikatai. Mmoja ana raifo ya Mjerumani aliyoachiwa na babu yake, mwingine anajisifia scope utadhani anaenda kuwinda nyota. Sawa, hongereni.

Mimi sina picha ya kuweka. Bunduki ninayotaka kuisema haipo tena mikononi mwetu, na ilipokuwepo ilikuwa mbaya kwa sura. Ila kuna mmoja kule aliuliza, bunduki kuukuu ina thamani gani zaidi ya kuning'inizwa ukutani. Huyo kanigusa pabaya. Ngoja nimjibu.

Nitaeleza kama ilivyokuwa, siongezi chumvi. Kama kuna mtu wa Mwese humu, atanisahihisha nikikosea.

Kwetu ni huko Mwese, vijiji vya juu milimani, magharibi mwa Mpanda. Miaka hiyo ya tisini Katavi haijawa mkoa, tulikuwa Rukwa, na barabara ya kwetu ilikuwa ya kubahatisha. Mvua ikikolea unasahau habari za gari, unatembea.

Baba alikuwa mkulima. Mihogo, mahindi, maharage. Na alikuwa na gobore.

Kwa vijana wa juzi: gobore siyo bunduki ya kuchomeka risasi nyuma. Unamimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, unaweka kitambaa, unashindilia kwa fimbo ya chuma. Unatia vipande vya chuma, kitambaa tena, unashindilia tena. Halafu unaweka fataki, kile kidude cha kuwasha baruti. Kazi yote hiyo ni kwa mlio mmoja tu. Ukikosa, nguruwe pori anakuangalia, anaondoka zake.

(Mods, kabla hamjanifungia: lilikuwa na kibali, la kulinda shamba. Na nyie wengine msinifuate PM kuuliza baruti ya kienyeji inatengenezwaje. Sisemi.)

La kwetu lilifuliwa na mhunzi zamani sana, baba alipewa na mjomba wake. Mtutu ulikuwa umefungwa kwa ngozi ya ng'ombe ili usiachane na mbao. Kitako ni cha mninga, kimeng'aa kwa jasho la mashavu ya watu waliokwisha kufa.

Lilikuwa na tabia moja mbaya. Ukifyatua, fataki inalia "ta!", halafu kimya. Unasubiri. Halafu ndo linalipuka. Mgeni akilishika anadhani limegoma, analishusha, na hapo ndo linaweza kuua mtu. Baba alikuwa anatuambia, likikaa kimya usilishushe, linakohoa kwanza. Kijiji kizima walikuwa wanaliita Kikohozi.

Sasa shikeni hii, maana bila hii hamtanielewa.

Kwetu aliyepakia ndo anayefyatua. Mzigo uliomo ndani ya gobore, yaani baruti na vyuma vyake, ni mali ya yule aliyeushindilia, hata ukikaa miezi. Kuchukua gobore lililopakiwa na mwenzio ukaenda kulipiga ni kumtukana. Na mwenye mzigo akifa kabla hajaupiga, mtoto wake mkubwa anautoa hewani matanga yakiisha. Wanaamini bila hivyo marehemu anakuwa hajamaliza kazi yake.

Mimi ndo mtoto mkubwa.

Masika ya mwaka huo nguruwe walituingilia mihogo vibaya mno. Baba alikuwa anaumwa, miguu imevimba, pumzi zinakata, lakini ubishi ulikuwa haujamtoka. Mimi nilikuwa mjini Mpanda, gereji, kwa hiyo haya niliambiwa na mama.

Jioni baba akakaa uani na gobore lake. Mama akachana kipande kwenye kitenge chake kilichochakaa, akampa, kama alivyokuwa akifanya miaka yote. Baba akashindilia taratibu sana. Anashindilia, anapumzika, anashindilia.

Mama akamwambia, "Wewe mzee, hao nguruwe watakufa kwa uzee wakikusubiri."

Baba akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akalitundika juu ya mlango wa chumbani, akasema kesho asubuhi anaenda shamba.

Kesho yake hakuweza kuinuka. Walimshusha kwa machela mpaka barabarani, wakapata lori la mahindi, nikampokea mimi hapa mjini. Alifia hospitali nikiwa nimemshika mkono. Tukamrudisha nyumbani, tukamzika.

Mama hakulia. Msibani alikuwa anapokea watu, anauliza kama wamekula, anahangaika na kuni. Wanawake wakaanza kunong'ona. Mwanamke gani huyu?

Matanga yalipoisha baba mdogo akaniita. Huyu ni mdogo wake baba wa tumbo moja, naye mwindaji, mtu wa kufuata taratibu, utani hataki.

"Wewe ndo mkubwa," akaniambia. "Katoe mzigo wa baba yako."

Nikaingia ndani. Nikamkuta mama amesimama mlangoni, chini ya lile gobore.

"Rudi ulikotoka."

"Mama, baba mdogo kasema..."

"Nimesikia alichosema. Nguo zake mmegawana, sikusema kitu. Jembe kachukua shemeji. Baiskeli umechukua wewe. Huo mzigo baba yako kaupakia mbele ya macho yangu. Ndo kazi ya mwisho aliyofanya kwa mikono yake. Mkiupiga unakuwa moshi. Mimi ntabaki na nini?"

Nikatoka nje mikono mitupu.

Baba mdogo alikasirika, lakini mjane ni mjane, akamwacha. Gobore likabaki pale juu na mzigo wake. Nikienda nyumbani kusalimia namkuta mama amelishusha, analifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya mawese, analirudisha. Mdomo wa mtutu aliuziba kwa gunzi ili unyevu usiingie. Mchana ukipita nje ya dirisha utamsikia anaongea humo ndani. Nguruwe wamerudi. Paa limevuja. Mtoto wa nani kaoa.

Kiangazi ikaja amri.

Wa umri wangu mnakumbuka hali ilivyokuwa. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na vita, watu walikuwa wanakimbilia kwetu na silaha nazo zilikuwa zinapenya. Tukaambiwa magobore yote yapelekwe kituoni yakaguliwe. Ambalo mwenye kibali amefariki, lisalimishwe moja kwa moja. Muda ukipita likakutwa ndani, mwenye nyumba anaenda jela.

Mwenye nyumba alikuwa mama.

Nikaenda kituoni kuuliza kama kuna namna. Afande niliyemkuta alikuwa mtu mzima, mstaarabu tu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Pole kwa msiba, kijana. Lete. Ila lije likiwa tupu. Mimi siwezi kuweka stoo bunduki ambayo aliyeipakia yuko kaburini. Ikilipuka humu tutaongea lugha nyingine."

Kwa hiyo kubaki nalo haiwezekani, na kulipeleka lilivyo haiwezekani. Lazima lifyatuliwe, maana kuchokoa baruti iliyoshindiliwa ni kujitafutia kifo.

Nikaomba ruhusa gereji, nikapanda Mwese.

Baba mdogo alikuwa na mpango wake. "Jumapili shemeji akienda kanisani tunalichukua, unafyatua, yamekwisha. Atalia siku moja, atanyamaza."

Nikamwambia hapana. Tukifanya hivyo hatatusamehe mpaka anaingia kaburini.

"Na akifungwa je? Utampelekea huo msamaha gerezani?"

Tuligombana sana. Akaniambia mji umenilegeza akili. Na mimi nikamjibu maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa.

Nikamfuata mama. Alikuwa anamenya mihogo. Nikakaa chini nikachukua kisu, nikamenya naye.

"Mama, watakufunga."

"Wanifunge. Nimechoka kulala peke yangu, huko si kuna wenzangu?"

Ndo alivyokuwa mama, hata jambo zito alilifanyia mzaha. Siku hiyo mzaha wake uliniuma. Nikamwambia, "Mama, mwaka huu nimeshazika mmoja. Sina nguvu ya kukupoteza na wewe."

Akaacha kumenya. Halafu akaendelea na mihogo yake.

Asubuhi nikamwona anatoka ndani. Kikohozi amelilaza kwenye mikono yote miwili, amelifunika na khanga.

"Mwite baba yako mdogo. Twendeni shambani, kule alikokuwa anataka kwenda."

Tukaenda watatu. Tulipofika kwenye mihogo, baba mdogo akanyoosha mkono alichukue anipe mimi. Mama akarudi nyuma.

"Hapana. Napiga mimi."

"Shemeji, mwanamke hafyatui gobore."

"Utaratibu wenu unasemaje? Aliyepakia ndo anafyatua, si ndiyo?"

"Ndiyo, lakini..."

"Mkaa wa baruti alitwanga nani? Kitambaa alichana nani, kwenye nguo ya nani? Tangu nimeolewa hapa, kaka yako hajawahi kupakia mzigo peke yake. Ule ni wa wawili. Mwenzangu hayupo, nimebaki mimi."

Namheshimu baba mdogo kwa alichofanya baada ya hapo. Hakubishana. Alichomoa lile gunzi, akaweka fataki mpya, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Haya shemeji. Kitako kibane begani kabisa, usiache nafasi. Elekeza juu."

Nasema kweli, niliogopa. Baruti imekaa humo tangu masika. Gobore kuukuu likipasuka linachukua uso mzima, nimewahi kumwona mtu wa hivyo. Nilitaka nimshike mabega, akanifukuza kwa jicho.

Akafyatua.

"Ta!"

Kimya.

Baba mdogo akapiga kelele, "Usishushe!"

Mama wala hakutikisika. Shavu liko kwenye mninga, mahali pale pale shavu la baba lilipokuwa linakaa. Kimya kikaendelea mpaka nikasema moyoni basi, limeharibika, tufanyeje sasa.

Ndo likalipuka.

Moshi ulitufunika wote. Nilipomwona, alikuwa amekaa chini kwenye udongo, gobore mapajani. Akasema, "Sasa kaenda." Halafu akalia. Alilia kilio chote cha msiba, kwa sauti, mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna mtu kapigwa risasi. Mimi nililia, na baba mdogo aligeuka akaangalia mihogo.

Alipotulia akajifuta na khanga, akauliza, "Kitambaa changu kiko wapi?"

Gobore likipiga, kile kitambaa kinaruka, kinaanguka mahali mbele huko, kimeungua ungua. Mama akaanza kukitafuta. Akapiga magoti kati ya mihogo, anapekua majani makavu. Tukapiga magoti na sisi. Majirani nao wakainama bila hata kuuliza kimepotea nini. Tulitafuta mpaka jua likawa kali kichwani.

Hatukukipata. Baba mdogo ndo alikuwa wa mwisho kuinuka, magoti yote vumbi tupu.

"Acha shemeji," mama akamwambia. "Twendeni kwa hao wenye amri."

Kituoni alilibeba mwenyewe. Yule afande akaingiza fimbo ndani ya mtutu, ikagonga chuma chini. Akaitikia kwa kichwa, akamwambia, "Pole mama." Mama akajibu, "Asante baba," akatoka. Baadaye nilisikia magobore yote ya kipindi kile yalikatwakatwa, sijui kama ni kweli, na sikwenda kuuliza.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Ukimkuta leo kwenye stori za watu wa Mwese, watakwambia alikuwa mcheshi.

Ila kile kipande cha shamba tulipopigia magoti siku ile hakuruhusu mtu mwingine akipalilie. Sisi wengine tulikuwa tunapalilia kwa jembe huku kwingine, tunamaliza, tunakwenda kunywa maji. Yeye pale alikuwa anapalilia kwa mkono. Anang'oa nyasi, anapekua udongo kidogo kidogo, anasogea. Wajukuu walikuwa wanamcheka kwa kuchelewa.

Hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kumwambia aache.

Nilichojifunza ni kwamba ile bunduki tulikuwa tunaiita ya baba kwa sababu yeye ndo alikuwa anaibeba. Kumbe kulikuwa na mtu wa pili humo ndani siku zote, na hatukumwona mpaka alipoidai. Yule uliyeuliza thamani yake, sijui kama nimekujibu. Mimi ndo hivyo ninavyoijua.

Wenye bunduki za wazee wao, tumieni uzi huu kuniambia zilikuwa za nani na nani. Habari za inapiga mbali kiasi gani pelekeni kule kwenye uzi wenu.