Kikombe Kimoja cha Maji ya Mvua

Nakumbuka asubuhi moja nilitoka Igamba bila kumwambia mtu ninakokwenda, kwa sababu hata mimi sikujua. Nilikuwa kibarua wa kupalilia kahawa. Nikasikia lori likipanda mlima, nikaegemeza jembe kwenye mti wa kahawa, nikashika njia ya barabarani. Usicheke, mwanangu. Shule niliiacha hivyo hivyo. Kabla ya kahawa nilikuwa nimeacha kuchemsha chumvi kule Ivuna, na kabla ya chumvi nilichoma chokaa Songwe. Kila kazi nilitaka kujua inavyofanyika, na nikishajua tu, miguu inaanza kuwasha.

Lori lilinishusha Tunduma, malori mengine yakiwa yamepangana kuanzia mpakani hadi nje ya mji. Niliuliza chumba cha bei nafuu, nikaelekezwa kwa Mama Namwinga, mwenye nyumba ya wageni nyuma ya soko. Nilipoingia nilisahau hata kusalimia. Pale mapokezi palikuwa na sanduku la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, limejaa maji. Ndani yake samaki wawili wa rangi ya machungwa walizunguka jiwe lililoota matumbawe.

"Ni bahari," alisema yule mama. "Ndogo, lakini ni bahari. Karibu, baba."

Mume wake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Matumbawe yale aliyatoa Dar es Salaam ndani ya ndoo, akiyalinda njia nzima kama mtu aliyebeba mayai, na maji ya bahari aliletewa na madereva wenzake kwenye madumu. Sasa alikuwa amepeleka mzigo Kongo, na habari zake zilikuwa zimekatika. Mama alimwahidi kwamba atakuta kila kitu kizima. Lakini matumbawe yalikuwa yamefumba. Vidole vyake laini, ambavyo zamani vilicheza majini kama majani ya mtama kwenye upepo, vilijikunja vyote vikabaki vinundu vya kahawia.

"Kitu pekee alichonikabidhi," alisema. "Akirudi akakikuta kimekufa, nitasimama wapi?"

Mimi na kitu nisichokijua hatuachani. Nilivuta kiti nikakaa mbele ya kile kioo, nikaanza maswali.

"Maji yakipungua unafanyaje, Mama?"

"Naongeza ya kwenye dumu. Ya bahari kwa ya bahari."

Hapo nikaikumbuka Ivuna. Tulipochemsha maji ya chumvi, mvuke ulikwenda zake na chumvi ikabaki chunguni. Na hapa, taa iliyoning'inia juu ya kioo na upepo mkavu wa kiangazi vilikuwa vikifanya kazi ile ile, polepole, bila moto. Maji yalikuwa yakiondoka peke yake. Chumvi haikwenda popote, na kila dumu lilileta nyingine juu yake.

Mume wa Mama aliacha kipimo, kijiti cha kioo kinachoelea. Alama yake nyekundu inatakiwa iwe sawa na uso wa maji. Nilipokitumbukiza, alama ilichomoza juu kabisa.

"Chumvi imezidi!" nilipiga kelele. "Yanataka maji ya mvua!"

Nilikimbilia pipa la uani lililobaki na maji ya masika, nikarudi na ndoo imejaa. Nilikuwa nimeshaiinua juu ya kioo Mama Namwinga aliponidaka mkono.

"Iwe, wewe! Weka ndoo chini!"

"Lakini tatizo nimeshalijua, Mama."

"Kulijua umelijua. Ndiyo uniulie sasa? Mtu ameshinda na njaa siku nyingi, unamletea sinia zima la ugali?"

Akanionyesha mpira wa dripu, ule wa hospitali, uliofungwa ukutani. Mume wake aliutumia kudondoshea maji ya chokaa, maana matumbawe hujenga mifupa yake kwa chokaa. Tangu aondoke mpira ulikuwa mkavu, kwa kuwa Mama aliogopa kukosea kipimo.

"Yeye alikuwa anaweka tone, tone, usiku kucha. Kumwaga kopo zima hakuweza? Maji haya yameharibika taratibu miezi yote hii, wewe unataka yapone kabla hujavua viatu!"

Niliweka ndoo chini, masikio yakinichoma. Tukakubaliana: kila asubuhi nachota kikombe kimoja cha maji ya sanduku, naweka kikombe kimoja cha maji ya mvua, nasoma kipimo, basi. Macho ya Mama hayakuweza kuiona ile alama nyekundu, kwa hiyo msomaji ni mimi. Chumba nikapewa bure.

Wiki ile ile dereva mmoja aliyelala pale alinitafutia kazi ya utingo mpaka Lusaka. Lusaka, mwanangu! Nilikuwa nikiiota. Asubuhi ya safari alinikuta na kikombe mkononi.

"Utingo wangu, panda, geti linafunguliwa."

"Siendi, bro."

"Una mgonjwa?"

"Nina jiwe."

Alicheka mpaka akashika bampa. "Lusaka nzima unaiacha kwa ajili ya jiwe! Haya, liambie likupikie."

Lori likavuka bila mimi. Siku zilizofuata nilikuwa kama mtu mwenye siafu kwenye suruali. Kila honi ilinisimamisha. Nilitembea uani, nikafungua redio ya Mama kuona ndani kuna nini, nikaifunga, nikarudi kwenye kioo. Vinundu ni vile vile. Asubuhi moja niliinua kikombe cha pili, nikakishikilia juu ya maji, kisha nikakirudisha kwenye pipa. Hakuna aliyeniona. Alama nyekundu ilikuwa ikishuka kwa unene wa unywele.

Ilipogusa uso wa maji, Mama aliniruhusu kuanza chokaa, tone kwa tone. Na asubuhi moja, hata sikumbuki ya ngapi, kidole kimoja kilifunguka. Kimoja tu. Nilimwita, akaja mbio na unga mikononi. Tukasimama kama watu waliopotea njia wakaona taa.

Mume wake aliporudi, mwembamba na mavumbi mpaka kwenye nyusi, vidole vyote vilikuwa vikicheza. Aliinama kwenye kioo kabla hajavua koti. "Nani alikuwa anasoma kipimo?" aliuliza. Mama akaninyooshea kidole chenye unga. Nilimkabidhi kazi yake, nikaaga kesho yake, maana miguu ni ile ile.

Jioni nilifika Ndalambo nisikomjua mtu. Mfugaji mmoja akanipa kijumba kando ya zizi. "Utalala siku ngapi?" aliuliza. Nikasema sijui. Asubuhi niliamka mkono ukipapasa ukutani, ukitafuta kikombe.

Basi nakuambia hivi, mwanangu. Kugundua kosa ni kazi ya dakika moja, na ina raha yake. Kulirekebisha ni kazi nyingine, na raha yake inachelewa. Kama nyumba, mwili au moyo wa mtu umechakaa kidogo kidogo, uutengeneze kidogo kidogo, na uwepo kesho yake kuangalia. Tembea, sikukatazi, mimi mwenyewe bado natembea. Ila ukiwa umeshika kikombe cha mtu, kimalizie kwanza.

Mungu akupe miguu isiyochoka na mkono unaojua kungoja. Na popote utakapolala, akuamshe ukiwa na kazi ya asubuhi.