Hesabu Isiyo na Mashamba

Kazi ilianza vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Tulikuwa walimu wa darasa la sita kutoka shule kadhaa za Masisi, tumebanana kwenye madawati ya watoto huko Mushaki, tukipanga kozi moja ya hesabu. Mtoto akikimbia vita kutoka Nyabiondo, akaangukia kwetu, aendelee pale alipoachia. Mimi nilikuwa namfikiria msichana mmoja wa darasa langu. Alikuwa amekimbia mara mbili, na baba yake alishasema wazi: akianguka mtihani wa serikali, ni jembe.

Nilipewa sehemu ya vipimo. Nikaleta maswali ya shamba: shamba la maharagwe lina urefu huu na upana huu, mkulima amemuuzia mfugaji nusu, amebaki na kiasi gani? Mkuu wa shule iliyotupokea, mtu wa sauti laini, alisoma kisha akavua miwani.

"Mwalimu, hii hapana. Huku kila shamba iko na kesi. Muzazi atauliza, huyu mufugaji njo nani?"

"Papa Direkta, iko hesabu tu."

"Kwako wewe njo hesabu. Kwa bale balifukuzwa kwabo, iko maneno ya vita."

Nikasema basi tumtoe mfugaji, shamba libaki. Kura ya kuondoa mashamba yote ikapigwa kwa kuinua mikono, wangu ukabaki chini peke yake. Mmoja wa wenzangu, ng'ombe wa watu wanalishwa kwenye shamba la babu yake mpaka leo, na hata yeye aliinua wake. Mashamba yakatoka, hekta zikatoka, vikaingia vitambaa, meza na ua wa kanisa. Tukaagizwa tuwaonye watoto kwamba darasani mambo ya shamba hayasemwi. Walijiita watu wa amani. Mimi niliwaita waoga, kimoyomoyo, na nikaenda kuwaonya watoto wangu kama nilivyoagizwa.

Mtihani ulipokuja, swali kubwa lilikuwa shamba la mihogo. Walioutunga wako mbali, kesi zetu haziwahusu.

Msichana wangu alianguka kwa alama chache. Nilimfuata nyumbani kwao nikamuuliza imekuwaje, swali lenyewe lilikuwa jepesi.

"Nilijua kuihesabu, Mwalimu. Lakini mulisema shamba hatusemake. Niliwaza iko mutego, nikaiacha."

Nilitamani kumleta mbele ya yule mtu wa sauti laini amweleze mwenyewe, lakini ningepata wapi ujasiri huo, mimi niliyeonya?

Mwaka huu tumeitwa tena kusahihisha kozi. Asubuhi ya mkutano nilimkuta msichana wangu kando ya barabara, analima na mama yake, kitenge kimefungwa kiunoni kama mtu mzima. Akanisalimia kwa heshima ileile ya darasani.

"Mwalimu, munaenda wapi?"

"Mukutano ya hesabu, ile kozi yetu."

Akaegemea jembe. "Sasa mutarudisha mashamba?"

Nikamwambia tutajaribu, nikaharakisha hatua. Mashamba hayakuwemo kabisa kwenye mazungumzo ya siku ile. Tulikuwa tumeitwa kuondoa maswali ya ng'ombe.