Mafuta ya Nazi Yalipokataa Kuganda

Siku yangu ya kwanza kazini nilipandishwa paani. Hapakuwa na karibu wala chai. Mzee Athmani, fundi mkuu wa gereji, alinipa kitana cha kuchania nywele, akanionyesha ngazi iliyoegemea gari, akasema, "Panda ukaichane."

"Nichane nini, Mzee?"

"Panda utaona. Ukiiharibu, urudi Jilore kwa baba yako ukalime mahindi."

Hapo ni Malindi, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mimi Kazungu shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo msinitafutie maneno makubwa humu. Kampuni ilikuwa ya Mzungu aliyekuja mara moja kwa mwaka kutuangalia kama mtu aangaliavyo mbuzi wake. Ilikodisha magari ya kulala kwa watalii, gari lenye kitanda na jiko ndani yake. Juu ya paa kila gari lilibeba mashine ya baridi. Siku hizi nyinyi mwasema kiyoyozi. Sisi tulisema mashine ya baridi, na kila mtu alielewa.

Kile kitana kilikuwa cha kunyooshea mapezi. Nyuma ya mashine kuna vipande vyembamba vya bati, vimepangwa kama mashavu ya samaki, navyo ndivyo vinavyotoa joto nje. Mchanga wa pwani huvikunja, chumvi huvila. Kazi ilikuwa kuvichana kimoja kimoja, kuosha kwa maji matamu, kisha kushuka ndani na kufua chujio, kile kitambaa kinachozuia vumbi. Mtu akiliacha gari wiki mbili ufukweni bila kuoshwa, mashine hulia tu, baridi haitoki.

Kubwa kuliko yote lilikuwa mpira. Mashine imekaa juu ya tundu la paa, na kati yake na bati kuna mpira mnene wa mviringo. Bolti nne zinaivuta chini mpaka ule mpira ubonyee nusu. Mpira ukiwa mzima, feni ya ndani inavuta hewa ya ndani tu na kuipoza. Mpira ukichoka, feni inavuta chochote kilichoko paani. Liwekeni hilo akilini.

Kipimo chetu cha baridi kilikuwa chupa ya soda yenye mafuta ya nazi. Mnajua mafuta ya nazi hapa kwetu huwa maji kutwa nzima. Basi tunaitia chupa ndani ya gari, tunafunga mlango, tunawasha jenereta inayoilisha mashine umeme, na sisi wenyewe tunakaa ndani kungoja. Mafuta yakianza kuwa meupe na kuganda, gari liko tayari kwa mgeni. Yasipoganda hatutoki. Hiyo ilikuwa amri ya gereji, na Mzee Athmani ndiye aliyeianzisha.

Niliyekuwa nikingoja naye ni dereva, Kahindi, mtu wa Jilore kama mimi. Alikuwa ameokoka, na wokovu wake haukuwa wa Jumapili peke yake. Mimi mnazi nilikunywa na sikujificha. Alikuwa akinitania, "Kazungu, siku ya kiyama utaingia mbinguni ukipepesuka."

"Nitakushika bega wewe," nikamjibu.

"Bega langu halishikwi na mlevi. Tafuta la Mzee Athmani."

Hivyo ndivyo tulivyokaa miaka, mpaka alipoletwa meneja mpya, Elija. Namtaja kwa jina lake. Alivaa tai katika jua la Malindi, na mafundi alituita "nyinyi watu". Neno lake la kwanza gerejini lilikuwa, "Hapa mnaharibu vitu vingi sana."

Chini ya Elija vipuri vilikoma kuja. Mipira ilikatika kwa chumvi, tukaomba mingine, tukaambiwa tusubiri. Tukahamishiwa Watamu, ambako magari yalikuwa yakiegeshwa ufukweni, na huko mipira ikazidi kuoza. Siku moja Elija akamwita Mzee Athmani mbele yetu.

"Athmani, wewe si mtu wa Takaungu? Kwenu si mnaunda vyombo?"

"Ndiyo, Bwana Meneja. Baba yangu alikuwa mpiga kalafati."

"Basi piga kalafati. Ziba hilo tundu kama mashua."

Mzee Athmani akatabasamu. Alipenda kusifiwa, Mungu anisamehe. Akachukua pamba, akaichovya katika mafuta ya papa, akaishindilia pale palipokuwa na mpira, kama baba yake alivyoshindilia kati ya mbao. Siku ile haikupenya hata sindano. Lakini mashua hukaa majini. Mbao zake huvimba, zikaibana pamba. Bati la paa hukaa juani. Pamba ilikauka, ikasinyaa, ikaacha nyufa. Na lile gari likanuka papa hata usiweze kutambua harufu nyingine.

Kisha wageni wakalalamika kwamba wakila nje, moshi wa jenereta unawaingia machoni. Elija akaagiza bomba la moshi lipandishwe kwa nyuma mpaka juu ya paa.

"Juu ndiko iliko mashine," Kahindi akasema.

"Wewe dereva," Elija akamjibu, "endesha."

Mzee Athmani akalichomelea bomba. Alipomaliza akasema, "Moshi ni mwepesi, utapaa wenyewe."

Juma lile lile ikafika familia ya wageni, watu wa maana kwa Elija, na gari likatakiwa kabla ya alasiri. Joto lilikuwa la kupasua nazi. Elija akafika mwenyewe, akaamuru madirisha yazibwe kwa utepe, baridi isitoroke. Akasema, "Msitoke mpaka mafuta yagande." Akaenda hotelini kunywa kitu baridi.

Tukakaa. Kahindi alikaa kitandani, chupa iko mbele yake. Mimi nilikaa chini, nimeegemea mlango. Mafuta hayakuganda. Kichwa kikaanza kunigonga, nikadhani ni mnazi wa jana. Kahindi akacheka, akasema, "Leo hata mimi naona mawili mawili. Umeniambukiza ulevi wako."

"Tutoke," nikasema.

"Bado hayajawa meupe. Tukitoka sasa atatufukuza." Akainamia ile chupa kuitazama vizuri. Hakuinua kichwa tena.

Mimi niliangukia mlango, ukafunguka, kichwa changu kikatoka nje. Mlinzi wa kampuni akanivuta. Hiyo ndiyo sababu niko hai, na hakuna nyingine.

Nilipopata fahamu hospitalini, Kahindi alikuwa ameshazikwa. Nikaambiwa na mke wake, Sidi, aliyekuja kuniuliza jambo moja tu: "Shemeji, mlikunywa?"

Elija alikuwa amekwisha kusema. Aliwaambia watu wa kampuni, wa serikali na wa kanisa kwamba tulilewa, tukajifungia garini tulale. Kahindi alikuwa ametapika, basi waliamini. "Alikuwa na Kazungu," Elija alisema, "na Kazungu mnamjua." Kanisa la Kahindi likakataa kumzika. Alitiwa ardhini na ndugu zake bila wimbo wala sala, mtu aliyekuwa hagusi hata togwa.

Nilipoweza kusimama nilikwenda kwa mchungaji. Nikamweleza yote: bomba, nyufa, na moshi uliovutwa na feni ukatuingilia garini. Akanisikiliza, akauliza, "Wewe wakati huo ulikuwa umezimia?"

"Ndiyo."

"Umejuaje basi? Aje mwingine asiyekuwa wewe, aseme Kahindi hakulewa. Siku hiyo tutakwenda kaburini tuombe."

Mwingine alikuwa mmoja tu. Nilikwenda kwa Mzee Athmani mara nyingi, akinijibu kwamba ana watoto wa kulisha. Mimi nikapelekwa Kilifi kufungua na kufunga geti, kwa sababu mikono yangu tangu siku ile hutetemeka, haishiki bisibisi. Hata geti likanishinda. Wakaniambia nipumzike. Ndiko kustaafu kwangu, na ndevu hazijaingia mvi.

Mnaniuliza nakumbuka nini katika kazi. Nakumbuka kwamba niliipenda. Nilipenda ule mlio wa kompresa, pampu inayosukuma gesi, inapoamka ikaguna, halafu baridi ya kwanza inakugusa usoni. Kwa kazi hiyo hiyo wakamuua rafiki yangu, na kelele za feni mpaka leo hunitoa jasho. Elija ana hoteli yake sasa, na vyumba vyake vina baridi nzuri, nasikia. Mtoto wa Mzee Athmani ndiye fundi wake.

Mwaka jana nilikwenda tena Takaungu. Mzee Athmani amestaafu, macho yanafifia. Nikamwambia, "Shikamoo Mzee. Usinipe chochote. Njoo Jilore useme neno moja." Akasema atakuja. Akaja kweli, Jumapili, amevaa kanzu safi.

Sidi alifagia uwanja, akakopa viti. Mchungaji alikuja na wazee wa kanisa. Kuku wa kumpa mgeni aondoke naye alikuwa amekwisha kufungwa miguu, amelazwa kando ya mlango.

"Mzee," mchungaji akamwambia, "wewe ulikuwa fundi mkuu. Tuambie unalolijua."

Mzee Athmani akanitazama, akamtazama Sidi. Akakohoa. "Marehemu," akasema, "alikuwa mtu mwema. Sote ni wa Mungu. Mungu amrehemu."

Akaomba maji, akanywa.

"Alilewa au hakulewa?" nikamuuliza.

"Kazungu," akasema kwa upole, "mambo ya zamani hayo."

Wazee wa kanisa wakaanza kutafuta bakora zao. Hapana aliyetaja kaburi, nalo lilikuwa nyuma ya nyumba tu.

Sidi akainuka. Akaenda mlangoni, akapiga goti, akamfungua yule kuku kamba, akamwacha aende zake.