Kijiko Kisicho na Kilima

Sokoni Kasulu maharage huuzwa kwa kopo, na kopo halihesabiki kuwa limejaa mpaka litoe kilima. Muuzaji anachota, anajaza, anaongeza kwa kiganja mpaka punje zinaanza kuporomoka pembeni, ndipo anakumiminia. Akikupimia kopo lililolingana na ukingo, ujue amekuona mgeni. Nilipohamishiwa huku kufundisha, nikitokea Korogwe, sikulijua hilo, nikapunjwa muda mrefu. Nilipolijua nikawa balaa. Nilisimama juu ya kopo la mtu kama msimamizi wa mtihani, nikasema bado, ongeza, bado. Ilifika mahali wauzaji wakiniona kwa mbali wanaambiana jaza, yule anakuja.

Naanzia sokoni kwa sababu kosa langu kubwa kuliko yote nililitoa huko.

Mwanetu wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, hapa hapa Kasulu. Nilipoteza damu nyingi, nikaongezewa, na maziwa hayakuja. Nesi alinijia kila mara kumweka mtoto kifuani, akanikanda, akanifundisha kumshika. Mama wa kitanda cha jirani alinigawia uji wake. Nilipata matone tu. Mtoto alivuta, akachoka, akalia, akalala na njaa yake. Siku ya nne uzito wake ulikuwa umeshuka kupita kiasi na nepi zilikaa kavu, daktari akatuita mimi na mume wangu akatuambia tumwanzishie maziwa ya kopo huku tukiendelea kumweka kwenye titi. Aliongea kwa upole, lakini mimi nilisikia kama nimesomewa hukumu. Nilijiona mwanamke nusu, na nilisema hivyo hivyo kwa sauti, wodi nzima ikasikia.

Mume wangu ni bwana shamba. Kazi yake ni kuzunguka na pikipiki vijijini, mpaka Muyama huko, akiwafundisha wakulima kupanda mahindi kwa nafasi na kuweka mbolea. Kipimo chake ni kisoda, kile kifuniko cha chupa ya soda. Kila shimo kisoda kimoja, kilichokatwa juu kilingane na ukingo, maana mbolea ikizidi inaunguza mbegu. Wimbo huo nimeusikia tangu tuko wachumba. Basi siku ile alitoka, akarudi na kopo, chupa mbili na brashi ya kuoshea, akakaa ukingoni mwa kitanda changu na kusoma maandishi ya kopo lote, hata yale madogo ya chini ambayo hakuna mtu huyasoma. Kisha akanitazama nilivyokuwa nalia.

"Mwalimu," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "hii ni kazi ya mikono. Mikono tunayo minne."

Nikacheka huku nalia, mshono ukanikata.

Tuliporudi nyumbani tulimkuta mama yake ameshafika kwa basi kutoka Busunzu, na kuku mmoja, unga wa muhogo, na mfuko wa maharage. Mama huyu ameuza maharage katika soko la Kibondo tangu mume wangu akiwa mgongoni. Hakusoma, na Kiswahili chake kinatembea na Kiha bega kwa bega. Mimi ananiita mwana wanje, yaani mwanangu. Nilimwogopa kuliko mshono. Nilikuwa nimeshatunga kichwani yote atakayosema kuhusu wanawake wa pwani na maziwa yao. Aliingia, nikamwamkia, akaiangalia chupa, akaniangalia kifua, kisha akauliza kama mtoto ameshiba. Nikasema ndiyo. Akasema basi vizuri, akaenda jikoni kubandika maharage. Ndiyo ikawa hotuba nzima.

Majirani hawakuwa wepesi hivyo. Walikuja kutupongeza, mmoja na kuni, mwingine na ndizi, na kila aliyeiona chupa aliitazama mara mbili kabla ya kuendelea na mazungumzo. Mwalimu mwenzangu mmoja aliniuliza, kwa utani eti, kama nahofia kifua kuharibika. Jibu nilikuwa nalo, tena la kumchoma, ila machozi yaliniwahi. Mume wangu alikuwa mlangoni akasikia. Kesho yake alibeba kigoda, akakaa kibarazani kabisa, upande wa barabara, mtoto mkononi na chupa mkononi, akawa anasalimia kila apitaye. Wanaume walimcheka. Mmoja alimuuliza lini ataanza na yeye kuvaa kitenge. Akamjibu kitenge anacho tayari, kiko begani, kinasubiri mtoto acheue. Mimi nilikuwa dirishani nasikiliza, na nilihisi mtu amenitua ndoo kichwani. Mpaka leo nikimkasirikia kwa lolote, na hunikasirisha, nakumbuka kigoda kile.

Tukagawana kazi. Alibandika karatasi ukutani jikoni: nawa mikono, chemsha chupa, maji kwanza, unga baadaye, kijiko kiwe sawa. Kwa mama yake asiyesoma alichora mstari kwenye kila chupa kwa rangi yangu nyekundu ya kucha, maji yafike wapi, na akamwonyesha kwa vidole vijiko vingapi. Kila kijiko kikatwe juu kwa mgongo wa kisu. Alfajiri alichanganya yeye kabla ya kuwasha pikipiki. Mchana alichanganya mama. Alasiri hadi usiku, mshono ulipoanza kuniachia, nilichanganya mimi, na zamu yangu ndiyo ilikuwa ya chupa nyingi. Niliidai mwenyewe. Kama kifua kimenikatalia, nilijiambia, mikono isinikatalie.

Wiki ya tatu mtoto akabadilika. Alilia kilio kikavu, anakunja miguu, uso unamwiva. Choo kikawa kigumu kama cha mbuzi. Midomo ilikauka, akawa anaivamia chupa kama mtu aliyetoka juani, akimaliza anaanza kulia tena. Mimi nikaona ni njaa. Nikazidi kumpa. Tulipompeleka kliniki na kumning'iniza kwenye mizani, nilitazama ule mshale nikasubiri upande. Ulikuwa umerudi nyuma ya pale uliposimama siku aliyotoka hospitali.

Nesi wa kliniki, mama mtu mzima aliyehamia huku kutoka mikoa ya mbali kama mimi, alimgusa utosi uliobonyea, akamvuta ngozi ya tumbo kidogo, uso wake ukabadilika. Alituambia mtoto amekaukiwa maji na haendi nyumbani. Akauliza maziwa anachanganya nani. Tukasema sote, na bibi yake. Akamtuma mume wangu akalete kopo, chupa, kisu, kila kitu, na bibi mwenyewe.

Walipokuwa njiani mimi nilikaa na mwanangu mapajani, amelegea, na nikaanza kutafuta mkosaji. Sikutafuta mbali. Nani hapa amejaza makopo maisha yake yote? Nani hawezi kuona chombo kina ukingo bila kukitia kilima juu? Kila nilivyowaza nikaona ndiyo yenyewe, na hasira ikanipa nguvu ambayo sikuwa nayo tangu nijifungue. Mama alipotokea kwenye korido, anahema, sikumwacha hata akae.

"Ni wewe, mama. Umezoea kujaza. Utaniulia mtoto kwa mazoea ya sokoni."

Watu wote kwenye benchi waligeuka. Mume wangu aliniambia ningoje kwanza. Mama alijifunga vizuri kitenge chake, akainama, akamwangalia mjukuu wake machoni muda mrefu, halafu akaingia ndani alikoitwa.

Nesi aliweka vitu mezani akasema kila mmoja achanganye kama anavyochanganya nyumbani. Akaanza mume wangu. Maji kwanza, kijiko, mgongo wa kisu, sawa kabisa, kisoda kile kile. Akafuata mama. Alimimina maji mpaka kwenye mstari mwekundu, akainua chupa usawa wa macho kuhakikisha, akachota, akakata kwa kisu. Hakuacha hata chembe. Halafu akarudia tena, pole pole, na nesi akatikisa kichwa kukubali.

Zamu yangu. Nikamimina maji. Nikachota. Nakumbuka niliona macho ya nesi kabla sijakiona kijiko.

"Hapo hapo, mama," akasema. "Usimimine. Kiangalie hicho kijiko."

Nilikiangalia. Kilikuwa na kilima. Tena si kilima cha bahati mbaya, nilikuwa nimekichota, nimekigonga kidogo ukutani mwa kopo ili kishikamane, nikachota tena juu yake. Kisu kilikuwa pale pale mezani na sikukigusa. Karatasi ya ukutani naijua kwa moyo, mimi ndiye niliyesahihisha tahajia yake. Lakini kila alasiri, jikoni peke yangu, kijiko kilichokatwa nilikiona ni unyimi. Mtoto nisiyemnyonyesha vya kutosha nimpimie kama muuzaji mchoyo? Mkono wangu ukawa unamwongezea. Chupa baada ya chupa nilimpa mwanangu maziwa mazito mpaka maji ya mwilini mwake yakaisha, na alipolia kiu nikamwongezea yale yale.

Nesi hakunigombeza. Alieleza tu kwamba figo za mtoto mchanga ni ndogo, unga ukizidi zinashindwa, na kwamba tumewahi. Mtoto akalazwa. Aliwekewa dripu, akawa anarudishiwa maji kidogo kidogo, maana haraka nayo ina hatari yake. Siku mbili za kwanza sikugusa kijiko wala chupa. Niliogopa mikono yangu. Mume wangu alimlisha, mama alimlisha, mimi nilikaa ukutani. Hatimaye nilimwambia mume wangu akatafute mtu mwingine wa kumlelea mtoto, kwa sababu mimi nimejaribu kumuua.

Aliniacha nikamaliza. Kisha akasema, "Unajua ni wakulima gani wanaojaza kisoda? Wavivu hawajazi. Wanaojaza ni wale wanaolipenda shamba mpaka hawawezi kujizuia. Hao siwafukuzi shambani. Nasimama nao kwenye shimo."

Na ndivyo alivyofanya. Mtoto alipokojoa vizuri na utosi kurudi mahali pake, tulirudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakuna aliyechanganya peke yake. Mmoja anachota, mwingine anakata. Mimi nachota, yeye anapitisha kisu. Yeye anachota, napitisha mimi. Alfajiri aliniamsha, alasiri alirudi na pikipiki yake akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, ananawa, anachukua kisu. Siku anazochelewa kijijini, mama ndiye aliyesimama nami. Tulikuwa tunahesabu vijiko kwa sauti, na mtoto akisikia tukihesabu anaanza kupiga miguu.

Kwa mama nilikwenda siku ile ile tuliyotoka hospitali. Alikuwa uani anapepeta. Nilipiga magoti, mshono ukinivuta, nikamwomba msamaha, nikarudia maneno yangu yote ya korido moja moja ili asidhani nimeyasahau. Aliendelea kupepeta. Akaniambia anayejaza kilima sokoni anajijua anajaza, kwa hiyo anajua na sawa iko wapi, hawezi kukosea. Akaniambia niinuke, baridi ya chini si nzuri kwa mzazi. Sikujua kama nimesamehewa au nimevumiliwa tu, na miezi yote aliyokaa nasi, akinipikia, akinikanda, akimwogesha mtoto, sikuthubutu kuuliza.

Mshale wa mizani ulianza kupanda. Kila kliniki tulikwenda wote watatu, na nesi yule alituita kamati. Mtoto alipofikia kula uji na kunywa maziwa ya kawaida, kopo la mwisho likaisha, mama akasema sasa anaweza kurudi kwake. Aliomba kitu kimoja tu: kopo lile tupu. Nikaliosha, nikalianika, nikampa.

Msimu wa maharage uliofuata tulikwenda Kibondo kumsalimia. Tulimkuta sokoni, mbele yake fungu la maharage ya njano, na kipimo alichokuwa nacho kilikuwa kopo letu, picha ya mtoto ubavuni imeanza kufutika. Mtoto nilikuwa nimembeba mgongoni, mzito mpaka kitenge kinakata bega. Mama alitaka kwanza apewe mjukuu. Alimpima kwa mikono, akamrusha kidogo, akamdaka, akamkabidhi baba yake. Halafu akachukua kopo akaniambia nikinge mfuko. Nikasema mama, pima sawa tu, inatosha.

Alijifanya hajasikia. Alichota, akajaza, akaongeza kwa kiganja, akaongeza tena, punje zikaporomoka mpaka kwenye magoti yake, na wauzaji wenzake wakaanza kucheka.

"Cha mtoto tulikata," akasema. "Hiki ni chako, mwana wanje. Kinga vizuri."

Nikakinga kwa mikono miwili.