Bakuli la Ashura

Hadi leo nikisikia harufu ya maji ya waridi hushtuka, kana kwamba kuna mtu ameniuliza swali na bado sijamjibu.

Tulikaa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, Nakuru, miaka ya hamsini. Waislamu tulikuwa wachache, nami, msinicheke, niliamini Uislamu ni mmoja kama jua. Siku ya Ashura Nyanya alinifungisha saumu, akanipaka wanja, akapika tambi za sukari. Kwake ilikuwa siku ya shukrani: Mungu alimwokoa Nabii Musa. Jioni akanituma nipeleke bakuli kwa kina Zehra, rafiki yangu, waliokaa nyuma ya duka lao la vitambaa.

Niliwakuta wamevaa nguo nyeusi, wanawake wanajipiga vifua na kulia. Nikajua babake Zehra amekufa. Mara nikamwona mlangoni, naye analia.

"Nani amefariki?" nikamnong'oneza Zehra.

"Hussein. Mjukuu wa Mtume."

"Lini?"

"Zamani sana. Walimnyima maji, wakamuua. Na wewe umejipaka wanja kama wa sikukuu!"

"Makafiri hao!"

"Makafiri gani? Waislamu. Walikuwa wanaswali kama nyinyi."

Kama nyinyi. Nusura bakuli liniponyoke. Akanisukumia glasi ya sharubati ya waridi. Siku hiyo kila aliyefika alinyweshwa, kwa kukumbuka ile kiu. "Kunywa. Ukikataa, wewe ni mmoja wao."

Jua lilikuwa halijazama. Nikinywa, saumu imeharibika. Nikikataa, nimempoteza Zehra. Nikaangua kilio, wanja ukatiririka hadi kidevuni.

Mamake akaja, akanitazama, akahamishia tambi kwenye sahani yake, akamimina sharubati bakulini. "Bakuli la jirani halirudi tupu. Jua likizama, mwanangu, kunywa na nyanyako." Zehra akanishikia mlango.

Nyanya alifungua saumu kwa sharubati ile. Nikamwuliza kama ni kweli Waislamu ndio waliomuua Hussein. Akanywa kwanza. "Ni kweli," akasema, akanifuta uso kwa ncha ya leso.

Chuo kikuu nilisoma vitabuni chanzo cha mfarakano huo: Mtume alipofariki, wengine walimkubali Abubakar awaongoze, wengine wakashikilia kwamba haki ni ya Ali, babake Hussein. Njia zikaachana. Nimebishana na vitabu vyote hivyo. Kilichonishtua zaidi hakimo humo: Nyanya alijua siku zote, akachagua kunisimulia habari za Musa tu.

Ashura zilizofuata tulifunga kama kawaida, ila kichupa cha wanja hakikutoka sandukuni tena. Nami nilidhani umekwisha.