Usiseme Imeisha

Siku yangu ya kwanza kazini nilionyeshwa kiti, na papo hapo nikakatazwa kukikalia. Nilikuwa nimetoka chuoni na viatu vipya, nimepangiwa hospitali moja upande wa Rujewa, kwenye mashamba ya mpunga. Mkuu wa famasi alikuwa mzee mfupi, koti lake jeupe limefuliwa hadi kola imeanza kuchanika. Wote tulimwita Msimamizi. Hata mkewe, alipomletea chakula cha mchana, aliuliza dirishani, "Msimamizi yupo?"

"Hicho kiti ni cha mgonjwa aliyezidiwa," aliniambia. "Wewe utasimama, binti. Mtoa dawa akikaa sana husahau kwamba ana miguu."

Nilidhani ni ukali tu wa wakubwa. Nikasimama. Nimesimama hivyo miaka yote ya kazi, na sasa magoti yangu yanadai haki yao, kwa hiyo mnivumilie nikisimulia polepole.

Vijana mnaosomea famasi huniuliza kazi ilikuwaje wakati wetu. Ilikuwa kazi ya mikono. Vidonge vilikuja kwenye makopo makubwa, nasi tulivihesabu juu ya sinia dogo kwa kisu butu, tukivisogeza vitano vitano bila kuvigusa kwa vidole. Marhamu, yaani dawa nzito za kupaka, tulizichanganya wenyewe juu ya kigae cha marumaru mpaka zikawa laini kama siagi. Juu ya bahasha tuliandika mgonjwa ameze ngapi na mara ngapi. Asiyejua kusoma tulimchorea jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi. Kisha tulimwomba atueleze yeye mwenyewe atakavyomeza. Wengi walikosea mara ya kwanza, tukacheka nao, tukarudia.

Hayo yote nilijifunza haraka. Jambo moja tu lilinishinda, nalo Msimamizi alinifundisha siku ileile ya kwanza. Aliniwekea mbele cheti cha dawa, ile karatasi ambayo daktari huwaandikia wagonjwa.

"Umeona nini?"

"Hii dozi ni ya mtu mzima, Mzee. Na mgonjwa ni huyu mtoto aliyebebwa."

"Sasa?"

"Nitaipunguza."

"Nani kakuruhusu? Cheti si chako, ni cha daktari. Dawa nayo si yako, ni ya mtoto. Chako wewe ni miguu. Rudi kwa daktari."

Nikamwambia ninaogopa. Daktari yule alikuwa rika la baba yangu, na mimi nimelelewa Ubenani, ambako mtoto hamwulizi mkubwa kwa nini. Msimamizi hakunicheka. Alivua miwani akaifuta.

"Usimwambie amekosea," alisema. "Ukimwambia mtu amekosea, atatafuta njia ya kuwa sahihi. Mwambie, 'Daktari, naomba tusome pamoja.' Halafu nyamaza. Akisoma mwenyewe ataona."

"Na akikasirika?"

"Atakasirika. Kisha atasoma."

"Atashukuru?"

"Usingoje asante. Ngoja cheti kingine."

Nilikwenda. Daktari alikasirika, kisha akasoma, kisha akaandika upya. Nilirudi na karatasi mpya, Msimamizi akaipokea kana kwamba nimetoka kuchota maji.

Baadaye nilihamishiwa Mbeya mjini, kwenye hospitali kubwa zaidi, mahali ambapo mwezi wa saba marhamu huganda koponi kwa baridi na wewe mwenyewe unaganda nayo. Huko msimamizi wangu alikuwa Mfamasia wa Mkoa, mama aliyependa stoo kuliko watu. Kwake nilijifunza kwamba dawa inayokaribia kuisha muda wake hukaa mbele rafuni na kutoka kwanza, hata kama iliyo nyuma yake ni mpya na inapendeza. Kisha nikapelekwa chuoni kufundisha, na huko ndiko nilikozeekea.

Niwaeleze wasiojua. Kuna wanaosomea famasi kwa ngazi ya cheti, kuna wa stashahada, na kuna wa shahada, ambao wakimaliza huwekwa mwaka mzima chini ya mfamasia mwenye uzoefu kabla ya kusajiliwa. Wote, wa juu na wa chini, hupitia mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi hupelekwa hospitalini, akasimama dirishani, na mkufunzi huenda kumtazama. Mwisho mkufunzi anaandika: huyu anafaa, au huyu arudie.

Nilipoanza kufundisha, kila mwanafunzi alikuwa na kinu chake na mchi wake. Nilipokaribia kustaafu, darasa lilikuwa limejaa hadi mlangoni na mizani ilikuwa moja. Aliyekuwa mbele alipima, wa katikati alichungulia, wa nyuma aliangalia picha kwenye simu. Nilisahihisha mitihani mpaka herufi zikawa zinatembea. Nilichoka, wanangu. Sisemi hivyo ili mnihurumie. Nasema ili mjue kwamba mwalimu wenu anapowajibu kwa mkato, mara nyingi si chuki, ni uchovu.

Katika uchovu huo ndipo alipokuja Atupele.

Alikuwa binti wa Rungwe, mwembamba, mpole kupita kiasi. Darasani hakuna aliyemfikia. Ukimwuliza dawa gani haziendi pamoja, alikutajia na sababu. Lakini alijibu akiangalia meza, na sauti yake ilibidi uisogelee. Wenzake walimtania. "Atu, wewe utaolewa na kabati la dawa, halijibu wala haliulizi." Alicheka nao, akiwa ameziba mdomo.

Nilimkuta kwenye mafunzo kwa vitendo, hospitali moja ambayo sitaitaja, katika siku zake za mwisho pale. Kila kitu alikuwa amefanya vizuri, isipokuwa kimoja. Hakuwa amewahi kurudi kwa daktari hata mara moja. Nilimwambia wazi.

"Atupele, sitaweza kuandika kwamba unafaa. Itabidi urudie wakati wenzako wanahitimu."

"Mwalimu, sijapata cheti chenye tatizo."

"Tangu umefika?"

Akaangalia meza.

Asubuhi hiyo nilikaa nyuma ya rafu nikipanga maboksi, yeye akiwa dirishani. Alikuja mama mmoja muuza viazi wa Uyole, kitenge kimefungwa juu ya sweta. Atupele aliuliza kama nilivyowafundisha wote kuuliza.

"Mama, kuna dawa yoyote inayokukataa?"

"Ipo mwanangu. Zile za salfa. Niliwahi kumeza nikavimba midomo, ngozi ikatoka malengelenge. Nilidhani nakufa."

Huo ndio mzio, mwili kuikataa dawa, na unaweza kuua. Nikamwona Atupele anakitazama cheti. Akakitazama tena. Kisha akasema kwa upole sana, "Pole mama. Hii dawa imeisha."

Nilikuwa nimeshika boksi la salfa. Rafu nzima ilikuwa imejaa.

Mama wa viazi alipokea cheti chake, akashukuru, akaondoka. Nilitoka nyuma ya rafu.

"Ni salfa aliyoandikiwa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sasa anakwenda wapi?"

Akageukia upande alikoelekea yule mama. Nikaona kwamba alikuwa ameanza kuelewa.

"Nimwambieje, Mwalimu?" alinong'ona. "Yule aliyeandika ni Mganga Mfawidhi mwenyewe, mkuu wa hospitali. Nimwambie mgonjwa daktari wake amekosea? Niliona ni heshima kusema imeisha. Kwetu mtu hamvunjii mkubwa heshima."

"Umemlinda mkubwa," nilimwambia. "Mama anakwenda Mwanjelwa na karatasi ileile. Duka la kwanza atakaloingia, watampa. Mkimbilie."

Alikimbia na koti lake jeupe, akapita katikati ya watu kwenye korido, mmoja akasema, "Huyu naye kaiba nini?" Nami nilimfuata kwa mwendo wangu. Nilipofika uwanjani sikuwaona. Sitasahau ule muda wa kutowaona. Nilifikiria midomo ya yule mama, nikafikiria na maisha ya binti huyu baada ya hapo.

Nilimkuta langoni amemshika mama mkono, wote wawili wanahema.

"Kumbe ipo?" mama anauliza. "Si umesema imeisha?"

"Ipo, mama. Nilisema uongo. Haikufai wewe. Nisamehe, twende kwa daktari."

"Mimi nirudi kwa yule? Ana hasira kama nyuki."

"Nitaingia mimi. Wewe simama nyuma yangu."

Sikuingia nao. Nilisimama nje ya mlango, maana kazi hii huwezi kumfanyia mtu. Nilisikia sauti ya Mganga Mfawidhi.

"Nini tena?"

"Shikamoo Daktari. Naomba tusome pamoja."

"Tusome nini? Nina foleni hapo nje. Nani kakutuma?"

Nikajua anatafuta jina langu, na kama angelitaja ningeingia. Kisha nikasikia sauti yake, nyembamba, lakini safari hii sikulazimika kuisogelea.

"Kanituma huyu mama, Daktari. Salfa zinamkataa."

Kiti kilikwaruza sakafu. Karatasi ikachanwa. "Mama, kwa nini hukuniambia?" daktari aliuliza, na mama akajibu, "Hukuniuliza, baba." Kisha nikasikia kalamu ikiandika.

Walitoka. Atupele alikuwa na cheti kipya na jasho usoni. "Hajashukuru," aliniambia.

"Cheti unacho?"

"Ninacho."

"Basi."

Jioni niliandika kwamba anafaa. Wakufunzi wenzangu walinilaumu baadaye, wakisema mwanafunzi aliyemdanganya mgonjwa alipaswa kurudia. Niliwasikiliza. Walikuwa na hoja. Niliwajibu kwamba uongo wa heshima tunao wengi wetu, na sikuwahi kumwona mtu akiukimbiza mpaka langoni na kuukamata. Tangu siku hiyo, kila darasa nililoingia nilianza na maneno mawili ubaoni: usiseme imeisha.

Nimestaafu sasa, nakaa Mlandege, Iringa. Mji uko juu ya kilima, na kila unakokwenda ama unapanda ama unashuka, na magoti hayapendi hata kimoja. Vyeti vya karatasi vimepungua. Daktari anaandika kwenye kompyuta, na jina lako linafika dirishani kabla yako. Ni vizuri, mwandiko umekoma kutusumbua. Ila kompyuta haikumpa mtu miguu.

Juzi nilikwenda hospitali kwa ajili ya magoti hayo. Daktari kijana, mstaarabu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, aliniandikia dawa ya maumivu. Nilipoliona jina la dawa hiyo kwenye kioo cha kompyuta yake nilijua. Mimi natumia dawa za shinikizo la damu, za aina mbili, na dawa ile ya maumivu hugombana nazo na kuzichosha figo, hasa kwa mzee. Hakuniuliza, nami sikusema. Nilikuwa nimechoka. Nilijiambia, nitameza kidogo tu, nipate kulala. Mwalimu wa watu wote hao, nikainuka na kuaga.

Kwenye dirisha la dawa nilimkuta Atupele. Amenenepa kidogo, ana miwani, na pembeni yake kulikuwa na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wamesimama wote.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Kumbe uko Iringa."

"Nimehamishiwa hapa, Mwalimu. Karibu sana." Akatazama kompyuta. Nyuma yake, rafuni, niliona maboksi ya dawa yangu yamepangana vizuri, yanayokaribia kuisha muda yakiwa mbele. Nilitamani anikabidhi tu niende zangu. "Mwalimu, nyumbani unatumia dawa gani?"

Nikamtajia. Ningeweza kunyamaza, lakini nilikuwa nimewafundisha mimi swali lile, ningeanzaje kulikwepa?

Alinitazama usoni, si mezani. "Naomba ukae benchini kidogo. Nakwenda kusoma na daktari."

"Mpigie simu mwanangu, usijisumbue. Ni mbali, mpaka jengo lile."

"Simu ataikata, Mwalimu. Nikisimama mlangoni hatanikata." Akamgeukia mwanafunzi mmojawapo. "Twende wote, ukasikie inavyosemwa."

Wakatoka. Dirisha likabaki na wanafunzi wasioruhusiwa kutoa dawa peke yao, na foleni ikaanza kunung'unika. Mzee mmoja wa Kihehe, mkongojo mkononi, alinisogelea akanisalimu kwa lugha yake.

"Kamwene mama. Huyo binti kaenda wapi? Ametuacha hapa kama mizigo."

"Kamwene, baba. Amekwenda kwa daktari. Ni kwa ajili yangu."

"Mpaka lini sasa? Dawa si hizo hapo, zimejaa? Wewe huchoki kungoja?"

"Nimechoka sana, baba," nilimwambia, nikasogea kwenye benchi ili naye apate pa kukaa.