Siku Nilizoacha Kumtazama Twaha

Kuna harufu ambayo mpaka leo ikinipata, viganja vyangu hutoka jasho. Juzi ilinikuta kwenye gulio la Jumapili hapa Houston, kati ya meza ya viatu vya mtumba na meza ya pilipili kavu. Mwanamke mmoja alikuwa amewasha kipande cha utomvu ndani ya kopo, na moshi mweupe ukipanda taratibu. Si ubani, ingawa mtu akiwa mbali anaweza kudhani ni ubani. Una ukali wa ganda la limau na kitu cha msonobari ndani yake. Wamaya wenyewe wanauita pom. Nilisimama pale na mfuko wangu wa nyanya, mtu mzima mwenye watoto wake, na moyo ukanienda mbio kama wa mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Basi niwaeleze, maana kisa chenyewe sijawahi kumsimulia mtu chote. Hata mume wangu anajua nusu tu, ile nusu ya kuchekesha.

Nilikuwa darasa la tatu. Tulikaa kusini-magharibi ya Houston, katika fleti za ghorofa mbili zilizozunguka maegesho ya magari, ambako kila mlango ulitoa harufu ya chakula cha nchi nyingine. Baba alikuwa akiendesha basi dogo la kupeleka abiria uwanja wa ndege. Mama alihudumia wazee kwenye nyumba ya wazee mpaka mimba ilipomlaza kitandani. Mdogo wangu Twaha alizaliwa njiti, mapema mno, akakaa hospitali ndani ya kile kisanduku cha kioo muda mrefu kiasi kwamba nilianza kudhani watoto wote wa Amerika hukaa humo kwanza. Alipoletwa nyumbani aliletwa na mashine. Ilikuwa na mkanda wa kumfunga kifuani na waya mrefu, na kazi yake ilikuwa kupiga kelele iwapo mtoto angesahau kupumua.

Hebu fikirieni mnamwambia mtoto wa darasa la tatu kwamba mdogo wake anaweza kusahau kupumua. Mimi niliyekuwa nasahau sweta shuleni kila wiki nililielewa jambo hilo vizuri sana, na usingizi ukaniruka.

Nesi alikuwa ametupa masharti: tunawe mikono mpaka kwenye viwiko, tusiruhusu watu wengi, tusimsumbue mtoto bila sababu. Masharti yale baba aliyatii kwa unyenyekevu ambao hakuwahi kumwonesha hata mama yake mzazi. Alikuwa akirudi kazini anasimama kwenye mlango wa chumba, mikono nyuma, anamtazama mwanawe kwa mbali, kisha anakwenda kula. Mama alimlisha, alimsafisha, akamrudisha kitandani. Mimi nilijipa kazi yangu mwenyewe, nayo ilikuwa kumtazama. Nilivuta kigoda karibu na kitanda chake nikakikazia macho kifua kile kidogo, kinapanda, kinashuka, mpaka macho yangu yakatoa machozi kwa kukataa kupepesa. Mashine sikuiamini hata kidogo. Waya ukilegea tu ilipiga kelele, na siku moja baba alitoka mbio bafuni povu la kunyolea likiwa limejaa shavu moja, kumbe mtoto amelala zake salama.

Mlango wa pili kutoka kwetu alikaa Bi Tomasa. Huyo "Bi" alipewa na mama, maana mama hakuweza kumwita mtu mzima kwa jina tupu. Alikuwa Mmaya, kutoka milima ya Guatemala, mwanamke mfupi mwenye sketi nzito iliyofumwa kwa mkono, na watu wa kwao walimjia kutibiwa kutoka fleti za mbali, wengine wamebeba watoto, wengine wameshika viuno. Alizungumza Kikiche, lugha ya kwao, na Kihispania cha kuombea njia. Binti yake Lusia alikuwa darasa moja na mimi. Kwa hiyo mazungumzo yalikwenda hivi: Bi Tomasa anamwambia Lusia, Lusia ananiambia mimi kwa Kiingereza, mimi namwambia mama kwa Kiswahili, na kicheko kinarudi kwa njia ileile kikiwa kimechelewa.

Mama alimpenda kwa sababu ya mambo ya moto na baridi. Bi Tomasa alipomkuta mzazi anakunywa maji ya barafu alimpokonya gilasi mkononi. Alisema mwanamke aliyejifungua ameshapoteza moto wake, na ukimwongezea baridi unamzika. Akamletea supu yenye pilipili, akamfunga tumbo kwa kitambaa kirefu, akazima kiyoyozi, tukaiva sote. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, maana Bibi alikuwa akimwambia hayohayo kwenye simu kutoka Unguja, kila tulipopata kadi ya simu.

"Huyu kazaliwa Makunduchi huyu," mama alisema. "Anatuficha tu."

Kisha Twaha akaacha kunyonya.

Hakuacha kwa ghafla. Alianza kuisukuma chupa kwa ulimi, kisha kinyesi kikawa cha kijani, kisha akalia kilio chembamba kisichokuwa na nguvu ya kukasirika. Daktari alisema ni tumbo, akabadilisha maziwa ya kopo, akasema Jumatatu wampime tena, na asipoongezeka uzito atarudishwa hospitali. Nilimwona mama akipokea neno "hospitali". Alikunja kitambaa cha mtoto, akakikunjua, akakikunja tena.

Bibi kwenye simu hakuhitaji kipimo. "Katiwa jicho huyo. Nani anaingia humo ndani? Nitajie mmoja mmoja." Mama akataja. Ikachambuliwa jumuiya nzima ya Waswahili wa Houston, nani alimsifu mtoto bila kusema mashaallah, nani alitazama sana, nani hana mtoto. Nilikuwa nimekaa chini ya meza nasikiliza. Kwetu jicho hutoka kwa hasidi, mtu aliyeona kizuri cha mwenzake kikamuuma. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Mtoto alishafungwa mvuje kwenye kitambaa cheusi mkononi, na bado jicho lilikuwa limepita.

Siku iliyofuata Bi Tomasa alikuja na kopo lake. Alikifunika king'ora cha moshi kwa kofia ya plastiki ya kuogea, kazi iliyoonesha kwamba hii haikuwa mara yake ya kwanza, akawasha pom. Kisha akaushika mkono wa Twaha kwa vidole viwili, kwenye kifundo, halafu kwenye kiwiko, akainamisha kichwa. Lusia aliniambia kwa kunong'ona kwamba mama yake anaisikiliza damu. Damu husema, alisema. Wazee wao wa tangu kale, wale waliojenga miji ya mawe msituni, waliisikiliza hivyohivyo. Bi Tomasa akainua kichwa. Hakumtazama mama. Alinitazama mimi, kwa muda, kisha akasema maneno machache ya Kikiche na kuanza kukusanya vitu vyake.

Nilimfuata Lusia mpaka kwenye ngazi. "Kasema nini?"

"Ni jicho," alinijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenitajia kazi ya nyumbani ya hesabu. "Lako. Mama anasema macho yako yana moto sana." Akaingia kwao kula.

Sikumuuliza zaidi. Ningemuuliza nini? Nilishajua maana yake. Mimi ndiye hasidi. Bibi alikuwa akimtafuta mchawi Houston nzima, kumbe kakaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda. Nilijipekua moyoni kuutafuta ule wivu na, kama ilivyo kwa mtu mwenye hofu, niliupata: niliwahi kukasirika siku waliposahau kunichukua shuleni kwa sababu ya Twaha. Basi ndio huo, nilisema, umemwingia tumboni.

Tangu saa ile niliacha kumtazama. Nilipita chumbani nikiwa nimegeukia ukutani. Nilikula nikiangalia sahani. Nilipoona haitoshi nilichukua miwani ya jua ya mama, ile kubwa, nikaivaa ndani ya nyumba, nikajigonga mlango wa kabati la jikoni hadi paji likavimba. Shuleni mwalimu aliniuliza kama macho yananiuma nikasema ndiyo. Kitu kibaya zaidi kilikuwa kusikia. Nilipokuwa namtazama niliona kifua kinapanda; sasa nililala gizani nikisubiri mashine ilie, na isipolia niliogopa kwamba imeharibika. Na Twaha hakupata nafuu. Nikawaza kwamba labda moto wa macho yangu unapita hata ukutani.

Ijumaa nilimsikia mama akimwambia baba jikoni, kwa sauti ya chini, "Rukia anamwonea wivu mwenzake. Hataki hata kumwona." Baba akasema nitazoea. Nilikaa bafuni muda mrefu sana baada ya hapo, bomba limefunguliwa ili wasisikie ninavyolia.

Jumamosi mchana Bi Tomasa aliingia na majani yake machungu aliyoyaotesha kwenye ndoo ya rangi, akanikuta nimesimama kwenye pembe ya sebule, nimevaa miwani, uso ukutani. Alimuuliza Lusia kitu. Lusia akaniuliza mimi, "Mama anasema, mbona hujamshika bado?"

"Kumshika nani?"

"Mtoto! Si nilikwambia ni jicho lako?" Alishangaa kweli. Kwao hata mtoto wa chekechea anajua kwamba aliyetia jicho ndiye anayeshika, kama vile kwetu kila mtoto anajua kusema mashaallah. Haikumpitia akilini kwamba mtu anaweza kuambiwa nusu ya kwanza na asiijue ya pili.

Bi Tomasa hakungoja tafsiri imalizike. Alinivua miwani, akaninawisha uso na mikono kwa maji ya majani yale yenye harufu kali, akanikalisha kwenye kochi. Kisha akaingia chumbani akatoka na Twaha, waya unamfuata nyuma, mashine ameikumbatia Lusia. Mama aliinuka. "Atamwangusha! Ewe Mola wangu, Rukia, hujui kushika!" Ni kweli, sikuwa najua. Tangu azaliwe sikuwahi kumshika hata mara moja.

Alikuwa mwepesi mno, na moto. Nilifumba macho. Bi Tomasa akanigonga chini ya kidevu kwa kidole, mara moja, nifumbue. Nikakataa. Akanigonga tena. Na hapo nikapasuka, nikasema kwa Kiswahili, nikimwambia mama, "Mimi si hasidi, Mama. Sikutaka. Nilikuwa namwangalia tu asife."

Mama alikaa chini palepale alipokuwa, sakafuni. Bi Tomasa hakuelewa neno hata moja, lakini alichukua kiganja changu akakiweka juu ya utosi wa Twaha, ambao ulikuwa unadunda. Halafu akanyoosha mkono mwingine, akamshika mama kwenye kifundo cha mkono kwa vile vidole viwili, akasikiliza, na mkono wa mama nao akauvuta akauweka juu ya wangu. Tulikaa hivyo muda mrefu. Nilifumbua macho. Twaha alikuwa ananitazama kwa macho yake makubwa ya mtu aliyekonda, na hakuonekana kunilaumu kwa lolote.

Jumatatu mzani ulipanda, kidogo tu, lakini ulipanda. Maziwa mapya yalikuwa yameshaanza kumkubali tumboni, alisema daktari, na mimi sina ubishi naye. Ninachojua ni kwamba kuanzia siku ile Twaha hakulala tena kitandani mchana. Alikwenda mkono kwa mkono, kwa mama, kwangu, hata kwa baba, ambaye alimbeba kama trei ya vikombe na hakuthubutu kukohoa.

Miaka mingi ilipita kabla sijaielewa siku ile. Lusia ndiye aliyenieleza, tumeshakuwa wanawake wazima. Kwa watu wake jicho halihitaji chuki. Damu ya mtu ikiwa na nguvu, akamtazama mtoto mchanga kwa kumpenda na kumtamani, na mkono ukabaki nyuma, moto ule wote unamwingia mtoto kwa macho na hauna pa kutokea. Kwa hiyo wanamwita yuleyule anayempenda, wanamwambia amshike. Bi Tomasa alikuwa amesema kwamba nampenda. Nami nilitembea siku zile zote nikidhani nimeshtakiwa.

Nilimpelekea mama habari hiyo jikoni kwake Sugar Land, pembeni ya Houston, nikitegemea atacheka. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua, kisha akauweka ungo chini.

"Unadhani alikuja kwa ajili yako?" aliniuliza. "Mimi ndiye niliyekuwa simshiki. Lakini jirani hawezi kumwambia mzazi usoni kwamba humshiki mwanao, akakuchukua wewe akakuweka mbele yangu."

Nikamwambia mbona alikuwa akimshika kila siku, akimlisha, akimsafisha.

"Nilikuwa namshika haraka haraka," mama alisema, "nimrudishe, ili akiondoka mikono yangu isiwe imemzoea."